Shingo Tano kwenye Ubao wa Josia

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kupaka rangi milango ya duka lililo mbele ya nyumba yangu, hapa Namakwekwe, Mbale. Alipoanza kuosha brashi zake, harufu ya tapentaini ilivuka barabara ikanikuta sebuleni nikinywa chai. Niliweka kikombe chini. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimeinua mikono yote miwili na kuzitazama kucha zangu, kama mtoto anayekaguliwa na mwalimu.

Wajukuu wangu wamezisikia hadithi zangu za wakati wa serikali ya askari. Nimewasimulia foleni za sukari, na jinsi tulivyotambua kwa mlio tu gari ambalo halikupaswa kusimama mtaani kwetu. Hii sijawasimulia. Naiandika kwa ajili ya watu wa rika langu, ambao hawahitaji kuelezwa kwa nini wazazi wetu walinyamaza ghafla, kijiko kikiwa bado mdomoni.

Nililelewa Jinja na Jaja, mama yake baba. Baba alikuwa fundi cherehani huku Mbale, akitutembelea siku za Idi na pale alipopata lifti. Tulikaa kwenye safu ya vyumba sita nyuma ya ghala la pamba, karibu na reli. Mchana, watu wakiwa kazini, ungeweza kuusikia mto. Haukuwa mlio wa maji hasa. Ilikuwa kama pumzi ndefu ya mtu aliyelala chumba cha pili. Mwaka ninaousimulia Jaja aliacha kununua ngege, samaki wa gati la Masese. Nilipomwuliza sababu alisema samaki wa siku hizi wanakula vibaya. Nilifikiri samaki wameanza utovu wa adabu.

Jaja alikuwa na desturi moja ambayo wengi wenu mliokulia nyumba za Kiislamu mtaikumbuka. Picha ya mtu haikuingia chumbani kwetu mpaka ikatwe shingo. Alichukua kalamu au kijiti cha mkaa, akapitisha mstari shingoni, akasema, "Basi. Sasa ni karatasi." Kopo la biskuti lilikuwa na wanawake watatu wa Kizungu wenye miavuli, wote watatu walikuwa na mstari. Malkia kwenye stempu alikuwa nao. Mwalimu wetu wa madrasa alitueleza kwamba Siku ya Kiama mchoraji ataambiwa azipulizie roho sura zote alizozichora, na hataweza. Mimi nilielewa kwa namna yangu. Nilielewa kwamba sura isiyokatwa inangoja roho, na ikikosa ya kwake itachukua ya mwingine.

Chumba cha mwisho alikaa Fundi Josia, Mkenya, mchoraji wa mabango. Nusu ya maduka ya Jinja yalikuwa na mkono wake: mkasi wa kinyozi, tairi, kichwa cha ng'ombe kwenye bucha. Alikuwa mrefu, mpole, na alizungumza na rangi zake kama mtu anayewabembeleza kuku. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu hakutufukuza.

Siku moja mwanamke mwenye hoteli ya chakula kule Bugembe, naye Mkenya, alikuja kumwagiza picha ya ukutani.

"Usinichoree simba," alisema. "Simba wako kila hoteli. Nataka kitu mtu akikiona asahau kwamba nyama ni kidogo."

Josia alicheka. Akaingia ndani, akatoka na ukurasa mmoja wa gazeti la zamani uliokunjwa mara nne. Utotoni mwake aliwahi kufanya kazi kwa mwalimu mmoja wa Kiamerika aliyetoka milimani, na huyo ndiye aliyemwachia. Ulikuwa na picha ndogo ya watu wenye ndevu, bunduki magotini, wamekaa mbele ya nyumba ya magogo. Josia alitueleza habari zao huku tukiwa tumemzunguka. Walikuwa familia mbili, na kati yao mto. Waliuana miaka na miaka, baba kwa mtoto, hadi wakasahau walikofikia kuhesabu.

"Waligombania nini?" aliuliza Jaja kutoka mlangoni.

"Wanasema ilianza na nguruwe, Mama. Huyu alisema ni wangu, yule akasema ni wangu."

"Nguruwe!" Jaja aliingia ndani akicheka peke yake. "Watu wamekufa kwa nguruwe. Allah atusitiri."

Mwenye hoteli aliipenda. Kabla ya kuondoka aliongeza jambo moja. Kulikuwa na sajini aliyekula kwake kila mchana. "Huyu baba mkubwa wa upande wa kulia," alisema, akigusa gazeti, "mpe sura ya afande. Akijiona ukutani atafurahi, na mimi nitalala vizuri."

Josia aliunganisha mbao za masanduku ya chai hadi akapata ubao wa urefu wa kitanda, akauegemeza ukutani mwa uani, akaanza kazi. Alichora milima, na milima ikatokea kama ile ya Mbale, kwa kuwa ndiyo aliyoijua. Alichora mto katikati. Halafu akafika kwenye watu, akakwama. Sura za gazetini zilikuwa ndogo kama punje za mtama. Kwa hiyo alianza kuchukua sura zetu.

Sijui niwaelezeje. Walikuwa Wazungu, ngozi ya waridi, ndevu za manjano, kofia pana. Lakini ukikaribia, macho yalikuwa ya watu wa vyumba sita. Mwanamke wa chumba cha tatu alijikuta upande wa kushoto, ameshika bunduki. Tangu siku ile hakukubali kuupa ubao mgongo, akawa anaingia chumbani kwake kinyumenyume, na sisi tulicheka mpaka tukaacha kucheka. Upande wa kulia walikuwa watano. Katikati alikaa baba mkubwa mwenye sura ya sajini, ambaye Josia alikwenda Bugembe kumtazama akila. Kando yake, kwenye kiti, bibi kizee wa Kizungu mwenye shali alikuwa Jaja wangu. Hata ile namna yake ya kuinamisha kichwa upande wa sikio lisilosikia ilikuwepo.

Jaja alimgombeza Josia siku nzima. "Umeniweka na watu wa nguruwe!"

"Mama, nimekupa kiti. Wanawake wengine wamesimama."

Rafiki yake Josia, dereva wa lori aitwaye Barasa, alipita kila wiki akitoka Kenya. Kwao kulikuwa kijiji kimoja na kwa akina Josia. Familia zao hazikusalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba, lakini wao wawili, wakiwa mbali na nyumbani, walikunywa chai kwenye kikombe kimoja. Barasa aliutazama ubao, akatikisa kichwa.

"Kwa nini uende mpaka Amerika?" alisema. "Ungemchora baba yako na baba yangu wakigombania ule mstari wa mkonge."

"Baba yako hana sura ya kuchorwa. Ataharibu rangi."

"Na wa kwenu nani atamchora? Hakai mahali pamoja, usiku anahamisha mkonge!"

Walicheka hadi Barasa akashika ukuta.

Kwenye ukingo wa mto, kwenye picha, palikuwa na mtu mmoja aliyelala kifudifudi, uso umegeukia kwetu. Huyo ndiye aliyeuawa kwanza. Josia alimpa sura ya Yokana, mtu wa reli, wa chumba cha nne. Yokana mwenyewe aliifurahia. Alilala chini mbele ya ubao, akatoa ulimi, watoto tukapiga makofi.

Siku kama kumi baadaye Yokana alikwenda kazini asubuhi na hakurudi. Mkewe alikwenda stesheni, akaambiwa watu wenye gari walimwita pembeni wazungumze naye kidogo. Hakuna aliyelia kwa sauti. Sufuria yake ya uji ilikaa juu ya mafiga hadi uji ukafanya ngozi. Na ule ubao ulikuwa pale pale ukutani, Yokana wa Kizungu akitutazama kutoka ukingoni, jicho moja wazi.

Nilimsikia Jaja akimwambia mwanamke wa chumba cha tatu, "Mimi nilisema. Picha kubwa namna ile, na hakuna hata shingo moja iliyokatwa."

Nilikuwa na miaka tisa. Kwangu mambo yalikuwa wazi kabisa. Ubao ulikuwa umeanza kuchukua roho, na umeanza na aliyekuwa karibu na maji. Baadaye ungepanda ukingo. Nilihesabu watu kutoka mtoni hadi kwenye kiti cha Jaja. Walikuwa wawili tu kabla yake.

Kuanzia hapo nilikuwa nikiutazama ubao kila nilipopita. Mchana wa joto mbao zilijikunja na kutoa mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Niliapa kwamba yule wa kwanza kutoka mtoni alikuwa ameinua mguu kidogo kuliko jana. Sikumwambia mtu. Nilifikiri nikilisema, ubao utanisikia na kuharakisha.

Picha ilipokauka Josia aliifunga kwa magunia. Barasa angeipeleka Bugembe kesho yake akielekea Iganga. Mchana ule Josia alikwenda kumtafuta Barasa wapange safari. Jaja alikuwa ndani, kwenye swala ya adhuhuri. Uani hapakuwa na mtu, hata kuku walikuwa wamejificha kwenye kivuli. Niliingia chumbani kwa Josia, nikachukua kopo la rangi nyeusi na brashi nyembamba anayoandikia herufi. Nikafungua kamba upande wa kulia, nikainua gunia.

Nilianza na Jaja. Mkono haukuzoea brashi, mstari ukawa mnene mwanzoni na mwembamba mwishoni. Nikasema, "Basi. Sasa ni karatasi." Nikamkata wa pili, na wa tatu, na wa nne. Wa tano alikuwa baba mkubwa, mwenye sura ya mtu nisiyemjua; shingo yake ilikuwa pana, nikaichovyea mara mbili. Nilikuwa naanza kuufungua upande wa kushoto, ambako Josia mwenyewe alikuwa amejichora nyuma kabisa, amejificha chini ya kofia, niliposikia baiskeli yake. Nikashusha gunia, nikafunga kamba, nikakimbia. Niliwaza nitamalizia jioni. Jioni watu wa vyumba vyote walikuwa na kazi hapo uani, na alfajiri Barasa akaja na lori.

Usiku ule nililala vizuri. Lazima niliseme hilo. Nililala kama mtu aliyeokoa nyumba nzima.

Kesho yake alasiri gari la askari lilisimama. Nilijua mlio. Wanajeshi wawili waliushusha ubao, magunia yakiwa yamefunguliwa, wakauegemeza ukutani, mahali pake pale pale. Nyuma yao aliingia mwanamume mnene, akavuta kigoda, akakaa mbele yake, mikono magotini. Hapo ndipo nilipomjua. Alikuwa amekaa kama alivyokaa kwenye picha, na wote wawili walikuwa na shingo ile ile pana.

"Fundi nani?" aliuliza.

Josia alikuwa akiandika bango. Aliinuka na brashi mkononi. "Ni mimi, afande."

"Hii ni mimi?"

"Ndiyo, afande."

"Mama wa hoteli naita mimi, naita watu, nasema kuja ona picha yako. Watu nacheka. Natoa gunia." Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayeeleza dalili zake kwa daktari. "Na hii nini hapa kwa shingo? Nani nakata mimi?"

Josia alisogea karibu. Aliitazama mistari moja moja, nyuzi za gunia zikiwa zimeganda kwenye rangi. Alikuwa fundi, alijua mkono wa mtu aliyezoea brashi na wa asiyezoea. Jaja naye alikuwa ametoka mlangoni. Aliuona uso wake mwenyewe umekatwa shingo, na nikamwona akielewa. Nilikuwa nimesimama kando ya pipa la maji. Josia aligeuza kichwa, akanitazama usoni, halafu akatazama mikono yangu. Rangi ile haitoki kwa sabuni. Ilikuwa kwenye kucha zangu zote.

"Nauliza mara moja tu," alisema sajini. "Ni wewe, ama ni ile dereva naleta?"

"Ni mimi, afande," alisema Josia. "Ni mstari wa kupimia tu. Nilisahau kuufuta."

"Mstari wa kupima." Sajini alikubali kwa kichwa. "Na hii upande ingine hapana pima?"

Sajini aliinuka kwenye kigoda.

"Twende napima vizuri."

Josia alitazama brashi aliyoishika. "Afande, naomba dakika moja niioshe. Itakauka."

"Acha kauke," alisema sajini.

Walimpandisha nyuma ya gari. Ubao waliupandisha pia, ukawekwa kando yake, na walipokuwa wakigeuza gari niliona sura zote zikinipita, waliokatwa na wasiokatwa, na Josia katikati yao ameshika ukingo usianguke. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nasema hivi ili msifikiri sikujua la kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, "ni mimi," na Josia alikuwa ameshanionyesha jinsi yanavyotamkwa.

Jaja alinishika mkono, akaniingiza ndani, akachukua kopo la tapentaini la Josia na kitambaa, akanisugua kidole kimoja kimoja hadi ngozi ikawaka. Mpaka alipofariki hakulitaja jambo hilo. Lakini mwezi uliofuata baba alileta kopo jipya la biskuti lenye picha ya msichana na mbwa, na Jaja aliliweka mezani jinsi lilivyo, na msichana yule alituangalia tukila kwa miaka yote iliyobaki.

Josia hakuonekana tena.

Laiti ningeweza kuishia hapo, kwenye kosa la mtoto. Serikali ile iliondoka, zikaja nyingine na vita vyake. Jaja alikufa, nikahamia Mbale kwa baba, nikasoma sekondari, nikapata kazi ya ukarani kwenye ghala la kahawa. Maduka yalianza kupakwa rangi upya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na wiki chache kabla ya harusi yangu, mwanamke mmoja alinijia ghalani. Alikuwa ameanzia Jinja, na huko wakamwambia mjukuu wa yule Hajati, ndivyo walivyomwita Jaja, yuko Mbale.

"Mimi naitwa Nafula," alisema. "Josia mchoraji ni kaka yangu. Wanasema ulikuwepo siku ile."

Nilimpa kiti.

Alinieleza bila kulia. Kwao walijua jambo moja tu, kutoka kwa watu wa Bugembe: picha ilishuka kwenye lori la Barasa ikiwa na ile mistari. Barasa, wa familia ile ya mpaka wa mkonge. Alikuwa amejificha Mombasa miaka yote, na sasa alikuwa amerudi nyumbani, amejenga. "Kaka zangu wanasema ndiye aliyemchora Josia kifo. Mimi sijui. Walikuwa marafiki, wale. Nimewaomba wangoje nirudi. Kwa hiyo nakuuliza, ndugu yangu. Ulimwona Barasa akigusa picha?"

Nilikuwa naandika magunia mangapi yameingia asubuhi. Niliendelea kuandika. Nilifikiria baba mkwe wangu, na siku zile kila mtu alikuwa akiulizwa alifanya nini wakati wa askari, na sisi Waislamu, wa dini moja na mkuu wa askari wale, tuliulizwa mara mbili. Hizo ndizo sababu. Nimezichunguza kwa miaka mingi na hakuna hata moja inayotosha.

"Sijui," nilisema. "Nilikuwa mtoto. Sikumbuki."

Alinishukuru. Alinishukuru kwa muda niliompa, akaondoka kuwahi gari la Malaba, mpakani.

Kabla ya mwaka kuisha, dereva mmoja wa Kikenya pale ghalani alitusimulia, kama habari ya njiani tu, kwamba huko kwao nyumba ya dereva mstaafu imechomwa moto na mwenyewe alikuwa ndani. Nilimwuliza jina. Sijui kwa nini nilimwuliza, nilishalijua.

Harufu ile ya wiki iliyopita ilinikalia siku mbili. Siku ya tatu nilipanda gari hadi mpakani, na kutoka hapo pikipiki hadi kijiji cha akina Josia. Nilimkuta Nafula amekaa juu ya mkeka akipepeta maharage, mzee kama mimi, macho yake bado yanaona. Nilimweleza yote, kuanzia kopo la rangi. Nilipomaliza alitoa kokoto moja kwenye maharage, akaitupa mbali.

"Ulikuwa na miaka mingapi ulipochora?"

"Tisa."

"Na nilipokuja kwako pale ghalani?"

"Ishirini na mitatu."

Akapepeta tena, mara mbili, tatu.

"Yule wa miaka tisa, hata Josia alishamsamehe, mimi nani nikatae. Huyu mwingine simjui. Usimlete kwangu." Akanyoosha mkono, akanionyesha boma lenye bati jekundu chini ya mteremko. "Mlete kwao. Mjane wa Barasa yuko hai. Sisi hatujakanyaga pale tangu siku ya moto, kwa hiyo sitakusindikiza."

Nilishuka peke yangu. Mwanamke mzee alikuwa akiosha vyombo uani. Alipoona mgeni alifuta mikono kwenye kanga, akanisogezea kiti kivulini, akaniuliza nimetoka wapi.

Sikumwambia Mbale; nikamwambia, Jinja. Halafu nikamwomba naye akae.